Folda Iitwayo Mvua

Tusa na Rehema,

Mama Salma ameniomba niwaachie maneno kidogo kabla hamjakizoea kiti changu. Nilimwambia mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia la saba, na darasani nilikaa nyuma, karibu na dirisha. Akasema, "Andika polepole, Bupe mwanangu. Nani anakukimbiza?" Basi ninaandika polepole, hapa nyumbani Lupepo, barazani kwa baba. Ukungu ukishuka ninasimama kwanza, kwa sababu karatasi inalegea na kalamu inaanza kuichana.

Gwamaka alicheka niliposema ninastaafu. Alisema kustaafu ni kwa watu wenye mvi. Lakini mtu anayeacha kazi aliyoipenda na kurudi kuchuma chai, kwa kuwa mgongo wa baba yake umekataa kuinama, anaitwaje? Nimetafuta neno jingine sikulipata. Acheni libaki hilo.

Nilifika dukani siku ya mvua. Najua kwa Tukuyu hilo halisemi kitu; ni kama kusema nilifika nikiwa na miguu. Duka lilikuwa pale pale mlipolikuta ninyi, mtaa wa Bagamoyo, katikati ya mji wetu wa baridi, ambako mgeni akisikia jina huanza kuuliza bahari iko upande gani. Mama Salma alikuwa nyuma ya kaunta akishona kofia kwa mkono. Babu yake ndiye aliyetoka pwani, akaja na biashara ya vitambaa, akalalamikia baridi, akabaki. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha, na duka lilikuwa studio kabla ya kuwa steshenari. Lile pazia la ukutani lenye ziwa na bata weupe ni la wakati wake. Nusu ya watu wa mji huu wamewahi kusimama mbele ya ziwa lile wakiwa wamevaa viatu vya kuazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatoa kopi?"

"Naomba kazi."

Nilisema kwa sauti ndogo, mvua ya bati ikaimeza. Akanifanya nirudie na kurudia mpaka nikatamani kutoka nje. Mwishowe akasikia, akauma uzi kwa meno, akasema, "Mwenye sauti kama yako hatagombana na wateja. Kaa hapo."

Nikakaa. Kompyuta ilikuwa mbele yangu na ilikuwa mgonjwa. Kila mteja alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na virusi vyake, kama mbwa anavyokuja na viroboto. Mtu alileta barua ya maombi, ukifungua folda unakuta majina ya mafaili yapo lakini yenyewe yamefichwa. Jioni Mama Salma aliifunika mashine kwa kanga, vile mtu anavyomfunika mtoto mwenye homa, na asubuhi aliifunua kwa bismillahi.

Gwamaka mnamfahamu, fundi wa redio na simu wa ng'ambo ya barabara. Siku moja aliingia ameshika flashi ndogo kama mtu aliyeshika dawa.

"Mama, hii mashine tuibadilishie roho," alisema. "Mwili bado mzima."

"Roho ya nani?"

"Inaitwa Linux. Ya bure. Na virusi vya flashi za mtaani haviijui lugha yake."

"Kitu cha bure huwa kina njaa yake, Gwamaka."

"Hii wanaitengeneza watu wengi, mama, kila mtu kwao. Kama kulima kwa ujirani. Leo shamba lako, kesho langu."

Mama Salma aliweka kofia chini. "Na chakula cha hao walimaji anapika nani?"

Gwamaka aliiwasha mashine kutoka kwenye ile flashi bila kufuta kitu, ili mama aonje kwanza. Ilitokea picha ya kijani kibichi, kijani cha shamba la chai lililotoka kunyeshewa, na chini pembeni kitufe kimoja cha menyu. Nilikitazama nikasema moyoni, humu naweza kuingia. Mama Salma alichungulia juu ya miwani. "Haina kelele," alisema. Ndivyo ilivyokubaliwa.

Linux ile aina yake ni Mint, ambayo Gwamaka alisema wametengenezewa watu wanaoanza. Sikuona aibu kuanza. Menyu nyingine zilikuwa za Kiswahili, nyingine za Kiingereza, ndani ya dirisha moja, kama maongezi ya stendi. Kiingereza changu kilikuwa kile cha darasa la saba, yaani salamu na majina ya wanyama. Kwa hiyo nilijifunza kwa vijipicha: brashi ni brashi, mkasi ni mkasi. Gimp ndiyo ya picha, ile yenye sura ya mnyama mwenye brashi mdomoni. Inkscape ni ya kuchora kadi, nembo na mabango. Alama yake ni mlima mweusi, nami niliuita Rungwe ili nisiusahau. Audacity ni ya sauti, yenye hedifoni. Zote zilikuwa humo, hakuna aliyetuomba namba ya siri wala kututishia kwamba muda umekwisha.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni Ctrl na Z. Mkibonyeza kwa pamoja, mashine inarudisha mlichokosea, na mkibonyeza tena inarudi nyuma zaidi, mpaka mnafika mahali ambapo hakuna kosa lolote bado. Kwa mtu mwenye haya hicho ndicho kitufe kikuu duniani. Siku za kwanza nilikuwa nafanya makosa makusudi ili niyarudishe.

Kilichonishinda ni matabaka. Sikuelewa kwa nini picha moja iwe na karatasi nyingi juu yake. Mama Salma, ambaye hajawahi kugusa kipanya, ndiye aliyenielewesha. Alisimama mbele ya pazia la mabata akasema, "Nimevaa gauni. Juu ya gauni kanga. Juu ya kanga mtandio. Nikivua mtandio, gauni linachanika?"

"Halichaniki, mama."

"Basi."

Tangu hapo kila nikitengeneza picha ya mtu naanza na gauni. Picha yenyewe sigusi. Naweka kanga juu yake, nachora kwenye kanga. Na kabla ya yote natengeneza nakala. Nanyi mfanye hivyo hata kama mteja amesimama anagonga kaunta kwa sarafu.

Jambo jingine la kukumbuka ni Mbeya. Mabango makubwa tunatuma kwenda kuchapwa huko, na mashine za huko hazina herufi zetu. Bango langu la kwanza lilikuwa la kwaya, nililipamba kwa herufi zenye mikia mirefu kama moshi wa chai. Liliporudi, jina la kwaya lilikuwa limenyooka na kunenepa kama tangazo la duka la dawa. Wanakwaya walipiga picha mbele yake hivyo hivyo, na mwalimu wao akasema angalau linasomeka na bibi. Kumbe ndani ya Inkscape kuna mahali pa kugeuza maneno yawe michoro, na yakishakuwa michoro hayabadiliki yakifika kwa watu. Geuzeni kwanza, ndipo mtume.

Umeme ukikatika msikimbilie kulaumu mashine. Hifadhini kila mnapovuta pumzi. Na ikija ile ngao ndogo pembeni kuwaambia kuna masasisho, isikilizeni wakati hakuna wateja.

Mengine mtajifunza wenyewe. Nimekaa kuandika kwa ajili ya habari ya Atupele, ambayo bado inanijia nikiwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, nikisahau mkono wangu uko kwenye tawi lipi.

Atupele alikuwa binti wa Kisondela, anafanya kazi kiwanda cha chai, sehemu ya kuchambua. Alipoingia dukani aliingia na harufu ya majani makavu. Ilikuwa ule wakati wa mwaka ambapo hata kwetu jua huwaka na vumbi hukumbuka kwamba nalo ni la Tukuyu. Alitoa simu iliyofungwa kwenye leso.

"Dada, nasikia hapa mnasafisha sauti."

"Tunajaribu. Ni kwaya?"

"Ni mama."

Mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, kwa ugonjwa wa kifua. Alijua hataifikia sendofu ya bintiye, sherehe ya kumuaga aende kuolewa, kwa hiyo siku moja akiwa na nguvu kidogo alikaa jikoni, akamwambia Atupele washa hiyo simu, akasema neno lake. Kwao binti haondoki nyumbani bila neno la mama, na mama akiwa hayupo, mama mdogo humsemea.

"Mama mdogo yupo, nampenda," Atupele alisema. "Lakini mama alilisema la kwake, liko humu. Siwezi kuondoka na neno la kuazima wakati langu ninalo."

"Sasa shida ni nini?"

"Kikohozi." Aliikunja leso, akaikunjua. "Mama hakukohoa mbele ya watu. Hata kanisani alitoka nje kwanza. Jumamosi ijayo wakwe watakuwa wamekaa pale wote. Nataka wamsikie yeye, wasiusikie ugonjwa."

Nilivaa hedifoni. Kwanza nilisikia mvua. Mvua nene, ya kukaa, ile ambayo hapa tunasema imekuja na mkeka wake. Chini ya mvua kulikuwa na kitu kinadondoka, ti, kimya kidogo, ti. Kisha, ndani kabisa ya mvua, akatokea mwanamke. Aliongea Kinyakyusa cha wazee, taratibu, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili nikijua kimepungua ladha.

"Atupele. Unakokwenda usiwe mgeni wa jiko. Ukikuta moto umezimika, uwashe, usiulize nani aliuacha." Akakohoa, kwa muda mrefu. "Ndizi zikiiva waite majirani, hata yule usiyempenda, huyo mpe chane la juu." Akakohoa tena. "Mumeo akinyamaza, nawe nyamaza kidogo, lakini usimzidi." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Toka hapa, wewe kuku." Mabawa yakapiga. Akaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nilikata vikohozi. Kukata ni kazi rahisi. Unachagua kipande, unabonyeza, kimeondoka. Lakini nilipousikiliza mkanda wote nikaona nimeutoboa matundu. Nilipoyaunganisha maneno, mama aliongea bila kuvuta pumzi, kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Nilipoacha nafasi tupu, mvua ilikatika ghafla, kimya, kisha ikaanza tena. Hakuna mvua ya namna hiyo. Kila mwenye masikio angejua pale pametolewa kitu, na angeketi akijiuliza ni nini.

Basi nikaona dawa ni kuiondoa mvua yenyewe. Audacity inaweza. Unaionyesha kipande chenye kelele tupu, unaiambia, hii ndiyo kelele, nayo inakwenda kuiondoa kila mahali. Nikatafuta mahali ambapo mama amenyamaza. Nikaionyesha mashine mvua. Nikaiambia hii ndiyo kelele.

Atupele alirudi baada ya zamu yake, akavaa hedifoni, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Huyu amekaa wapi?"

"Ni mama yako, nimeondoa mvua tu."

"Sauti ni yake. Lakini yuko kama ndani ya dumu. Mama hajawahi kukaa mahali kama hapa." Akavua hedifoni akaziweka juu ya kaunta kwa uangalifu sana. "Dada, basi. Mama mdogo atasema."

Alipotoka nilimweleza Mama Salma nilichofanya. Alikuwa pale pale na kofia yake.

"Umeiambia mashine kwamba mvua ni kelele?" aliuliza.

"Ndivyo inavyotaka iambiwe, mama."

"Kama mvua ni kelele, basi mimi nimezaliwa ndani ya kelele na nitazikwa humo." Aligeuza kofia, akanionyesha mahali palipoliwa na panya. "Tazama. Hapa pana tundu. Je, nifumue kofia yote? Natafuta kipande cha kitambaa kile kile, naweka kiraka. Kiraka cha kitambaa kile kile hakionekani."

Niliirudisha mvua. Kwenye simu yangu nilikuwa na mvua niliyoirekodi dukani siku moja nikijaribu maiki, nikaikata vipande, nikaziba matundu. Gwamaka aliitwa kusikiliza, akasema iko freshi. Nikampigia Atupele, akaja. Alisikiliza akiwa amesimama, hakukaa.

"Hii ni mvua ya mjini," alisema.

"Mvua ina mji?" Gwamaka akauliza.

"Hii inapiga bati tupu, kaka. Kwetu jikoni migomba imelala juu ya paa. Inapiga majani kwanza, ndiyo inashuka." Alinitazama mimi, si Gwamaka. "Mama akisema, anasema kwetu. Halafu kidogo anahamia mjini, halafu anarudi. Wewe husikii?"

Niliposikiliza tena, nilisikia. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimekaa ndani ya mvua tangu kuzaliwa bila kuisikiliza.

Kwa hiyo ilibidi twende kuchukua mvua Kisondela, na mvua haikuwepo. Mbingu ilikuwa safi siku baada ya siku. Mlima Rungwe ulisimama wazi kama mtu aliyevua kofia msibani. Wanawake wa Bagamoyo walitoa magodoro, mablanketi, nguo zilizonuka ukungu tangu Pasaka, kila kamba ikajaa. Nami nilikuwa natoka mlangoni kila mara kutafuta wingu.

"Dogo, yaani wewe Tukuyu hii unaomba mvua?" Gwamaka alisema kwa sauti kubwa. "Wenye nguo wakikusikia utahama wilaya."

"Nyamaza basi."

"Ningekuuzia ya mwaka jana, ilibaki nyingi."

Alhamisi asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni mwa duka, ukaingia, ukakaa mbele ya mabata. Mchana mlima haukuwepo. Nilimpigia Atupele, alikuwa ameshaomba ruhusa kazini bila kuambiwa. Tulipanda bodaboda moja, tukapita kwenye maparachichi na migomba, na matone ya kwanza yalitukuta kwenye kilima cha mwisho. Dereva alitaka tujikinge chini ya mti. Atupele akamwambia, "Kaka, twende, hii ndiyo mizigo yetu."

Mama mdogo wake alitupokea mlangoni. Nilimsalimu, akaniambia ndaga, yaani asante, kwa kuja, akaniuliza watu wa Lupepo wanaendeleaje kana kwamba amewaacha jana. Tuliingia jiko la zamani. Nilimwomba Atupele atumie simu ile ile, maana simu nyingine ina sikio jingine, na aiweke mahali pale pale. Alikumbuka: juu ya kinu kilichogeuzwa, upande wa mlango. Tukanyamaza.

Mvua ilikuja na mkeka wake. Ilipiga migomba kwanza, ndiyo ikashuka. Baada ya muda nilisimamisha simu, tukasikiliza tuliyoipata, kisha ile ya mama. Zilifanana kama ndugu, lakini si pacha. Atupele alitikisa kichwa.

"Kuna kitu hakipo."

"Ti," nilisema.

Mama mdogo alikuwa anapeta maharage. Aliacha. "Mnatafuta kinachodondoka? Paa lilizibwa wakati wa msiba, wageni wasilowe. Zamani lilivuja pale, dada akaweka sufuria. Nilimwambia miaka yote aite fundi. Akasema sufuria haimsumbui, inamhesabia ugali usiungue." Aliinuka, akachukua sufuria iliyobonyea, akatoka nje akaitega chini ya ukingo wa paa, karibu kabisa na ukuta. Akarudi akakaa.

Ti. Kimya kidogo. Ti.

Sijui tulikaa hapo muda gani. Simu ilikuwa juu ya kinu ikisikiliza, nasi tukisikiliza pamoja nayo, moshi ukipita mlangoni na kurudi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujikuna. Nilikuwa ninafikiri kwamba sasa hivi, ndani ya kimya hiki, mtu anaweza kuanza kusema. Nadhani hata wao walifikiri hivyo, kwa sababu mama mdogo alikuwa ameacha maharage yake na anatazama kile kigoda kitupu kilichokuwa upande wa moto.

Ijumaa niliweka viraka. Sikilizeni, hili ni la kazi: kiraka cha sauti kinaingia polepole na kutoka polepole. Mkikibandika wima wima kinagonga. Kuna amri ya kupandisha taratibu na ya kushusha taratibu. Tumieni zote mbili kila ncha. Mimi haikunisumbua kujifunza. Kuingia polepole na kutoka polepole ndiko nilikokulia.

Atupele alipokuja kusikiliza, alikaa. Mama yake alisema, akanyamaza, mvua ikapita, akasema tena. Kuku akafukuzwa, Atupele akacheka, akasema kuku abaki, kila mtu Kisondela anamjua. Tulipofika mwisho nikamwambia bado kikohozi kimoja, nakiondoa sasa hivi.

"Hicho kiache."

"Lakini ulisema wakwe…"

"Baada ya hicho anacheka. Ukikitoa, kicheko kinaanza chenyewe, kama cha mtu asiye na akili." Alifuta macho kwa leso ile ile ya simu. "Mtu hukohoa mara moja. Hata wao hukohoa."

Nilikiacha. Kisha nikatoa faili la mp3 kwenye flashi. Hilo pia mlijue: faili la kazi la Audacity halifunguki kwenye mashine ya mpiga muziki wa sherehe, mkimpelekea hilo mtatazamana.

Sikupenda kwenda sendofuni, kuna watu wengi. Atupele akasema nisipokuja hatacheza. Jumamosi ile jua lilirudi kali kama halikuwahi kuondoka. Walifunga maturubai uani pale nyumbani, wakwe wakakaa upande mmoja kwa sare zao, nami nikapata mahali nyuma, karibu na nguzo. Mshereheshaji alisema maneno yake mengi, kisha akasema sasa bibi harusi mtarajiwa atapewa neno na mama yake mzazi. Watu walitazamana. Wengine waligeuka kumtafuta mama mdogo kwenye kiti chake.

Spika zikaanza kunyesha.

Mzee mmoja wa upande wa wakwe alinyoosha mkono nje ya turubai, akautazama mkavu. Wanawake waliokuwa nyuma kwenye masufuria walianza kufunika wali. Mtu akasema, "Na jua hili?" Na mama mdogo, ambaye alijua, ambaye mvua ile aliitega kwa mkono wake mwenyewe, aliinuka kitini akaingia jiko la zamani haraka haraka. Alitoka ameshika ile sufuria. Alitembea nayo hatua kidogo, akafika pale alipoitega Alhamisi, chini ya ukingo wa paa, na hapo ndipo sauti ya dada yake ilipotokea ndani ya mvua na kuita, "Atupele."

Alisimama na sufuria mkononi. Hakuiweka chini wala hakurudi kukaa. Alilisikiliza neno lote akiwa amesimama hivyo juani: la moto, la ndizi, la kunyamaza. Alipofukuzwa kuku, upande wetu wote ulicheka, na wakwe wakacheka kwa adabu bila kujua kuku ni nani. Atupele alikuwa amepiga magoti, uso umefunikwa na mtandio. Kikafika kile kikohozi. Hakuna aliyegeuka. Kikaja kicheko, na baada yake maneno ya mwisho, ambayo Atupele hakuwahi kutaka yakatwe: "Haya, zima sasa. Utamaliza chaji."

Mvua ikaendelea peke yake kidogo, kama nilivyoiweka, ikishuka polepole. Ndipo Atupele akainuka. Mama mdogo akampelekea mikono yote miwili, na kwa kuwa sufuria ilikuwa bado mkononi, wakakumbatiana nayo katikati.

Tangu siku ile nilianza kuchukua mvua nilikopita. Iko ya Kisondela, yenye sufuria na isiyo na sufuria. Iko ya bati la soko, ya turubai la kanisa, ya mwavuli wa Mama Salma, na ya hapa Lupepo kwenye chai, ambayo haigongi kabisa, inanong'ona. Nimezitumia kuziba kwaya, mahubiri, na mzee mmoja aliyekuwa anamwelekeza mwanawe mipaka ya shamba huku pikipiki zikipita. Zote zimo kwenye folda moja, kwenye mashine yenu, imeandikwa Mvua.

Siku moja diski itajaa. Mtapitia mafolda mkitafuta cha kupunguza, mtakuta hiyo ni nzito, mtaifungua msikie hakuna mtu anayeongea humo. Mtaichagua yote. Mashine yetu ni ya upole, haifuti kitu kabla ya kuuliza. Itawauliza kama mna uhakika.

Bonyezeni hapana.